Popi wa Mama Mwenye Nyumba

Mama Mwenye Nyumba alikuwa hajibu hodi ya kwanza. Ungepiga hodi getini pale mpaka koo likauke, kimya. Ya pili, kimya. Kisha ungesikia mnyororo unaburuzwa sakafuni, mlango wa banda unafungwa, komeo linasukumwa, ndipo sauti yake ije taratibu kabisa: "Karibu, nani mwenzangu?" Wageni wengine walisema ana kiburi, wengine walisema kiziwi. Sie wapangaji wake tulijua anamfungia Popi kwanza, maana katika nyumba ile mgeni alikuwa hakaribishwi mpaka ijulikane mbwa yuko wapi.

Popi alikuwa pitibuli, au ndivyo mtaa wetu wa Keko ulivyoamua. Daktari wa mifugo alituambia ni mchanganyiko, kuna na damu nyingine humo ndani, lakini nani alimsikiliza? Kichwa kipana kama sinia, shingo hakuna, kifua cha mbeba magunia wa sokoni Tandale. Ukimwona mara ya kwanza unajikuta umeshataja jina la Mungu. Sasa mbwa kama huyo watu walitegemea aitwe Komando, au Chui, au jina lolote la kutisha. Mama Mwenye Nyumba akamwita Popi, jina la vile vijibwa vya kila uchochoro vinavyolala chini ya meza za wauza chipsi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nikimwita Komando nitakuwa namwangalia kama komando, na yeye ataona ninavyomwangalia. Popi linatosha."

Mie ni msusi, na kwetu ni Wazaramo wa hapa hapa, Waislamu, tumekulia katika kuambiwa mbwa usimguse. Nilifikaje kwenye nyumba ile? Dalali alinipeleka. Alinisifia chumba njia nzima, kikubwa, kina dirisha, maji hayakatiki, halafu tulipofika akasimama ng'ambo ya barabara akaninyooshea kidole: "Geti lile la kijani, sista. Mie naishia hapa." Nikashangaa, dalali gani haingii? Mama Mwenye Nyumba hakuniuliza nafanya kazi gani wala nina watoto wangapi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ukimwona mbwa, unakimbiaga?" Nikamwambia shikamoo mama, mie nakimbia, tena napiga na kelele. Akacheka sana. Akasema basi tutaanzia hapo, na akanifundisha kusimama wima, mikono chini, macho pembeni, kimya, mpaka mbwa achoke kunishangaa. Wiki nzima nilikuwa nasimama kwenye ule uwanja kama nguzo ya umeme huku namsomea dua moyoni.

Yeye alikuwa Mkristo wa kusini, mjane, aliyepika miaka mingi kwenye majumba ya wageni wa kutoka nje huko ufukweni. Popi alitoka kwenye nyumba mojawapo. Wenyewe walikuwa wanarudi kwao na walishapanga mbwa achomwe sindano, akasema nipeni mie. Hiyo ndiyo hadithi yote aliyowahi kutusimulia, na ukimwomba zaidi alikuambia kaoshe vyombo vyako. Lakini Ukristo wake haukumfanya atudharau sisi tunaojali najisi. Pembeni ya geti aliweka ndoo ya mchanga safi, aliochekecha mwenyewe, na dumu la maji na kata. Mate ya Popi yakikugusa nguo, yeye ndiye anayekuwa wa kwanza kukimbilia ndoo. "Lete hapa! Anza na mchanga. Haya, sasa maji, mie nakuhesabia." Na alikuwa anahesabu kwa sauti mpaka saba zitimie, hakubali ulipue. Mjomba wangu alipokuja kunitembelea akaoshwa kanzu namna ile, alirudi nyumbani anasema yule mama wa Kimakonde kanipa darsa bila kunipa darsa.

Nisimpambe lakini. Alikuwa na mdomo, jamani! Ukiacha taa ya choo inawaka alikutangaza kwa nyumba tatu. Muziki mwisho saa nne, hakuna cha sikukuu wala nini, huku asubuhi yeye mwenyewe anafagia uwanja kwa singeli, kiuno kinakwenda, ukitokeza anajifanya anaokota kitu. Alitukataza kufuga kuku, akafuga yeye. Na huyu mwanamke aliyekuwa anamshika pitibuli meno amtazame fizi alikuwa anaogopa paka. Paka mdogo, wa kawaida, akiingia jikoni, Mama Mwenye Nyumba yuko juu ya kigoda anapiga yowe, na Popi naye yuko nyuma yake anatetemeka. Ilibidi mie msusi nitoke na kitana mkononi kwenda kumfukuza paka ili wale wawili wapumue.

Ukimwambia unapenda sana mbwa, mama, alikuwa anakukatalia. "Mie mbwa siwapendi. Nampenda huyu." Na alimaanisha. Mbwa koko wakipita alikuwa hawatazami mara mbili.

Getini kwake palikuwa na kibao, na kibao kile peke yake kilikuwa kisa. Mnajua mji wetu. Kila geti limeandikwa MBWA MKALI, ukigonga unatokezewa na bata. Yeye alimwita mchora vibao akamwambia aandike: YUPO MBWA. PIGA HODI, SUBIRI UJIBIWE. Yule kijana akagoma kabisa. "Mama, hii haitishi. Ngoja nikuwekee na meno hapa na damu kidogo." Akamjibu, "Sitaki watu watishike, nataka wasubiri." Akaandika kama alivyoambiwa, lakini aliondoka anatikisa kichwa, na nasikia kazi ile hakuwahi kuwaonyesha wateja.

Halafu Mama akamhasi Popi. Heh! Hapo kijiwe cha mafundi samani kilinuna siku kadhaa kama vile wamehasiwa wao. Walikuwa na mipango yao wale. Mmoja alitaka amlete jike lake wapate watoto wauze, mwingine alitaka apambanishwe na mbwa wa huko Ubungo watu waweke dau, wa tatu alitaka amkate masikio aonekane mkatili. Mama Mwenye Nyumba alikuwa anawafukuza na mwiko, kweli kabisa, mwiko wa ugali una ugali. Fundi mmoja mtu mzima alimjia kwa adabu, akaomba Popi awe analala kwenye karakana yake kulinda mbao. Akamwambia hapana, baba, mbwa akiachwa peke yake na kelele za watu asiowajua anachanganyikiwa, na akichanganyikiwa atamuuma mtu, na huyo mtu hutampeleka wewe hospitali.

Asubuhi alimtembeza. Alingoja watu watoke msikitini swala ya alfajiri, wapite waishe, ndipo afungue geti. Popi kavalishwa kikapu cha mdomoni asiweze kung'ata, kamba fupi imezungushwa mkononi mara mbili, wanapita barabara ya mafundi katikati ya makochi na vitanda vilivyopangwa nje. Mtu akija mbele yao, yeye ndiye anayehama upande, si yule mtu. Mvua ikinyesha alitoka na mwavuli, na mwavuli ulikuwa wa Popi kuliko wake, maana Popi alikuwa hapendi kabisa kulowa.

Na chakula! Majirani wakifanya khitma walimletea mfuko wa mifupa. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawaombea marehemu wao, kisha akaingia ndani akaitupa yote, kwa sababu mfupa uliopikwa unapasuka na kuchoma utumbo. Hakuwaambia hata siku moja. Alisema mtu akikuletea kitu kwa moyo wake huna haja ya kumsomesha mlangoni.

Sasa, Popi alikuwa hajamng'ata mtu. Lakini ukikaa saluni kwangu ungeapa kashaua. Chanzo kikubwa kilikuwa mpangaji mwenzangu, dereva wa bajaji, mtu wa maneno kuliko mafuta. Kila abiria aliyempandisha alimpa kisa. Mara Popi kamshika mwizi akabaki na nusu ya suruali na nusu ya mwenye suruali. Mara kala mbuzi mzima, pembe akatema. Kisa kikitoka kwenye bajaji asubuhi, jioni kinarudi kwangu kimekua, mteja ananisimulia mie ninayeishi naye, na mie mikono imejaa nywele za rasta nasikiliza tu. Tulifaidi pia, tusiseme uongo. Nguo zetu zililala kwenye kamba, hakuna aliyethubutu. Dereva wa bajaji alisema yeye anatulinda bure.

Mpaka ile video ikaja. Iliingia kwenye grupu la mtaa kwenye simu, mbwa mkubwa wa nchi sijui gani amemrukia mtu, watu wanapiga kelele kwa lugha isiyojulikana. Kufika mchana watu wanasema ni Mbagala. Kufika jioni ni Popi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaitisha mkutano, na ajenda ikawa moja: mbwa yule aondoke, na kama hana pa kwenda auawe. Mama Mwenye Nyumba alipopata habari alikaa kwenye kigoda chake akanyamaza. Nilikuwa sijawahi kumwona amenyamaza, na niliogopa kuliko nilivyomwogopa Popi siku ya kwanza.

Aliyesimama kuongea kwanza alikuwa Mzee wa Duka, anayetazamana na geti letu, mswalihina, mtu wa pwani asiyependa makuu. Sikumpenda siku ile lakini nasema kweli, aliongea vizuri. "Mie sisemi kang'ata. Mie nina wajukuu wanacheza pale nje. Sitaki kusubiri ang'ate ndo mniambie pole." Watu wakaitikia. Kisha wakaanza kusimama mmoja mmoja, na kila mmoja anatoa ushahidi. Yupo aliyesema suruali ya mwizi. Yupo aliyesema mbuzi. Mwanamke mmoja ambaye simjui akasema mbuzi walikuwa wawili. Namtazama dereva wa bajaji, mwenzangu anazidi kuteremka kwenye kiti chake.

Mama Mwenye Nyumba aliomba nafasi. Mwenyekiti akampa. Hakulia wala hakufoka, ingawa mdomo ule tunaujua. Alisema, "Mzee wa Duka, hofu yako ni ya haki. Mbwa huyu ana nguvu, na siku akiamua hakuna wa kumzuia hapa. Ndo maana nafunga, ndo maana nachanja, ndo maana namtembeza mkiwa hamjajaa njiani. Akimng'ata mtu, simsubirishi mtu mkutano. Mie mwenyewe nitamshika kamba nimpeleke kwa daktari achomwe sindano, na nitamshikia kichwa. Lakini naomba mnionyeshe aliyeng'atwa. Mwenye kovu asimame."

Watu wakatazamana. Mwenye mbuzi akatafutwa, hakuna. Mwenye suruali, hakuna. Mwenyekiti akauliza, jamani, haya mmeyatoa wapi? Huyu akasema kwa yule, yule akasema kwenye bajaji, yule mwingine naye bajaji. Vichwa vyote vikageuka. Dereva wa bajaji akasimama, jasho linamtoka, akasema, "Mie nilikuwa nachangamsha abiria tu, wazee wangu. Popi hana neno na mtu. Anaogopa hata paka." Ukumbi ukaangua kicheko, na Mama Mwenye Nyumba akamwambia kaa chini, siri nyingine usitoe.

Kicheko hakikumaliza kesi lakini. Mzee wa Duka alisimama palepale, "Sawa, hajang'ata. Mie hofu yangu iko palepale." Na Mama Mwenye Nyumba akasema tena kwamba ana haki. Akamwambia mwenyekiti: mtu akihamia mtaani si anapelekwa kwa mjumbe na kwa majirani kutambulishwa? Mie huyu mgeni wangu sikumtambulisha, nilimfungia getini nikadhani inatosha. Nipeni nafasi nimpitishe. Nyumba itakayomkataa baada ya kumwona, basi, ataondoka. Mwenyekiti akakubali, labda kwa sababu hajawahi kusikia ombi kama lile.

Akajifunga kitenge chake kizuri cha kanisani, Popi akaogeshwa, kikapu mdomoni, na mie nikamsindikiza. Mimi, Mzaramo! Nyumba kwa nyumba. Anasimama barabarani, haingii uwanjani kwa mtu, anapiga hodi. "Shikamooni. Huyu ni Popi, jirani yenu. Hapendi kukimbiwa, hapendi kurushiwa mawe, hapendi mvua. Mkimwona nje bila mie, msimshike, niiteni." Wengine walichungulia dirishani wakasema sawa mama, tumemwona, nendeni. Wengine walitoka, wakauliza maswali. Bibi mmoja aliuliza kama kaoa, na alipoambiwa habari ya kuhasiwa akampa Popi pole kwa kweli.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee wa Duka. Hakutoka. Alikaa nyuma ya nondo za duka lake kati ya sabuni na unga, mikono kaikunja, akasema, "Nimemwona." Mama Mwenye Nyumba akasema, "Hujamwona. Mtazame, tuna muda." Akamwambia Popi akae, Popi akakaa. Tukasimama pale juani sie wawili, na mzee ndani. Nyumba hii moja ikisema hapana, tumekwisha. Popi alikaa, akachoka, akalala chini kwenye kivuli cha kibaraza, akaanza kukoroma. Na pitibuli anakoroma, jamani, kama baba mwenye nyumba aliyeshiba pilau. Mteja aliyekuja kununua mafuta ya taa akaruka kumpisha, Popi hata jicho hakufungua. Mzee wa Duka alijizuia, mabega yakaanza kucheza, mwisho akacheka mpaka akashika kaunta. "Huyu ndo kala mbuzi?" akasema. Halafu akafuta macho, akasema mnyanyueni, ananizibia wateja, na abaki.

Popi akabaki, miaka mingi tu. Mie niliolewa nikahamia Chanika, saluni nikahama nayo, simu na Mama Mwenye Nyumba tukawa tunapigiana sikukuu zake na zangu.

Mwaka jana dereva wa bajaji akanipigia. Sauti imeshuka, nikajua kuna msiba, nikaanza kuuliza nani, nani? Akasema, "Popi katutoka." Nilicheka, halafu nikajikuta nalia na sitaki mume wangu anione. Nikaenda. Njiani nawaza nitakuwa peke yangu, nani aende kumpa mtu pole ya mbwa? Nafika nakuta viti vya plastiki uwanjani na watu wamekaa. Turubai halikuwepo, hatujachanganyikiwa kiasi hicho, lakini chai ilikuwepo. Popi alikuwa amezikwa nyuma ya banda, uzee tu, usingizini, na aliyechimba lile shimo alikuwa Mzee wa Duka na jembe lake.

Mwenyekiti alikohoa akasema, "Tumekuja tu, mama, kukuona." Mzee wa Duka akasema, "Pole sana. Alikuwa mstaarabu." Mama Mwenye Nyumba, amezeeka sasa, amekonda, akasema asanteni, na akamkumbusha mtu fulani azime taa ya choo.

Mwenyekiti ndiye aliyeuliza. Akasema watu wanamuuliza yeye, mtaa umezoea, mama ataleta mwingine lini? Mama Mwenye Nyumba akanyoosha mikono yake mbele yetu tuitazame, vidole vimepinda. "Sileti. Mikono hii haishiki kamba tena. Mbwa kama yule akikuvuta ukamwachia, mwenye makosa ni wewe. Na kumfunga mnyororo kutwa kwa kuwa mie nimezeeka, hapana."

Mzee wa Duka akaweka kikombe chini. "Kamba ntashika mie," akasema.

Mama Mwenye Nyumba alimgeukia akamtazama juu hadi chini. "Wewe? Kutwa umekaa nyuma ya kaunta. Kutembea unaweza?"

"Naweza."

"Kila siku? Hata mvua?"

"Hata mvua."

"Kesho ukitoka msikitini nipitie. Tutembee mie na wewe, bila mbwa. Nikiona hukosi, ndo tutaongea habari ya mbwa."

Juzi nimepita Keko kununua kabati, nikaamua nifike mapema niwasalimie. Nikakutana nao barabarani kwa mafundi. Mzee wa Duka hajakosa hata asubuhi moja, nimeambiwa, na mkewe naye kajiunga, anasema hawezi kumwachia mumewe na mjane wa watu waende zao. Mbwa bado hajaletwa. Walikuwa wanakuja wote watatu kati ya makochi, Mama Mwenye Nyumba katikati anatoa amri, na Mzee wa Duka kashika kamba tupu, kaizungusha mkononi mara mbili. Nikamuuliza, mzee, kamba ya nini na mbwa hakuna? Akanijibu kwa unyonge kabisa kwamba ameambiwa mkono lazima uzoee kwanza.